Siku Walipofungua Mwamba Chano

Mimi nauza vitumbua, sina haja ya kupendwa na mtu. Kitumbua kikiiva vizuri hata anayenichukia atanunua. Kwa hiyo haya nitayasema kama yalivyokuwa, na atakayenuna anune. Kijijini kwetu Mtikulo ukimtaja Mwanaasha leo, wanawake wanabetua midomo. Ni wanawake walewale waliompigia vigelegele mpaka sauti zikawakauka siku tulipofunga mwamba. Nawajua mmoja mmoja, maana kila asubuhi wanakuja kibarazani kwangu na mabakuli yao, na mimi nawauzia huku nimewakunjia uso.

Nijitambulishe kwanza, msije mkasema na huyu naye katokea wapi. Naitwa Anjelina, kijijini wananijua kama Mama Fidelis. Mimi ni Mmakonde wa kule juu, Mkristo wangu, nililetwa pwani na ndoa, na ndoa ilipokufa nikabaki na pwani. Pweza nimemjua ukubwani. Siku ya kwanza kumwona anajikunja kwenye beseni nilidhani nimetupiwa jambo, nikakimbia mpaka barabarani. Aliyenicheka mpaka akakaa chini ni Mwanaasha binti Saidi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alicheka, kisha akaja kuniomba radhi na kipande cha pweza wa nazi. Tangu siku hiyo yeye na mimi tukawa chanda na pete.

Kwetu kazi ya pweza ni ya wanawake. Yakija maji ya bamvua, yale ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari inapwa kweli kweli, mwamba unabaki nje, na wanawake wanaufuata kwa miguu, kila mmoja na mkonjo wake. Mkonjo ni fimbo ya kumchokolea pweza shimoni. Mama anamrithisha binti yake mkonjo, na anamwonyesha mashimo yake, kwa sababu shimo zuri halikai tupu: umemtoa huyu leo, bamvua lijalo utamkuta mwingine kahamia. Shimo la mtu halichokolewi na mtu mwingine. Ukithubutu, utasemwa wewe na watasemwa wajukuu zako. Mwanaasha alirithi mashimo kwa mama yake, na binti yake wa pekee, Zakia, alipoolewa, alimpa nusu ya mashimo hayo pamoja na mkonjo wa bibi yake. Ulikuwa mti wa zamani, umeshikwa na mikono mpaka unang'aa.

Ukiwaona mama na mwana mwambani ungesema ni dada na mdogo wake. Wanataniana, wanaimba nyimbo za unyago zisizofaa kusikiwa na wanaume, mmoja akiteleza mwenziwe anacheka kabla ya kumshika. Zakia alipojifungua Siwema, alimbeba huko huko mwambani mgongoni. Mimi niliyezaa wana waliokwenda Dar na kunisahau, nilikuwa nawatazama kwa wivu, na sioni haya kusema.

Sasa pweza wakaanza kuisha. Mwamba wa nje ulishauawa na baruti miaka mingi nyuma. Watu wakilipua kule, vikombe vinalia kabatini kwangu, na samaki wadogo wanafika ufukweni wamepasuka matumbo. Matumbawe yakawa kifusi. Uliobaki ni Chano, mwamba wa karibu, na kila mwanamke wa Mtikulo akawa anakula hapo hapo. Mwisho tulikuwa tunatoa vipweza vya kuingia kwenye kikombe cha chai. Wasim, kijana wa Kihindi anayekuja na gari la barafu kutoka Lindi kununua pweza, akawa anavitazama kwenye mizani na kutikisa kichwa. Alikuwa anavinunua kwa kuona haya tu.

Ndipo wakaja watu wa mradi na picha zao ukutani. Wakasema pweza hukua haraka kuliko mnyama yeyote mnayemfuga, mfungieni mwamba miezi mitatu, mtaona. Wanawake wakaguna. Miezi mitatu tule nini, mchanga? Mwanaasha akasimama. Hakusema mengi. Akasema, "Jamani, sisi sasa tunakula mbegu. Aliyekula mbegu ya mahindi tunamcheka, na sisi tunafanya nini?" Somoe, mwanamke mwenye mdomo kuliko wote kijijini, akamuuliza, "Na miezi mitatu ikiisha tukakuta patupu?" Mwanaasha akajibu, "Mnishike mimi." Neno hilo alilisema mwenyewe, hakulazimishwa. Wakampa uenyekiti wa kamati ya bahari siku ile ile.

Sheria zikatungwa. Atakayekanyaga Chano kabla ya kufunguliwa, atavunjiwa mkonjo wake mbele ya watu. Hiyo ya kwanza. Ya pili aliitaka Mwanaasha mwenyewe: mwamba haufunguliwi kwa tarehe, unafunguliwa kwa utepe. Kijiji cha jirani walitaja tarehe tu, watu wakalala ufukweni, wakaingia na giza wakikanyagana na kuvunja matumbawe ili kila mtu awahi. "Sisi tutafungua kwa adabu," akasema. "Mgeni rasmi akate utepe, maji yakiwa yamepwa, tuingie pamoja. Kabla ya utepe hata mguu wa mama yangu akifufuka haukanyagi." Watu wakacheka na kupiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji alifurahi kuliko wote, maana yule bwana akisikia neno mgeni rasmi anasikia na harufu ya pilau.

Basi tukafunga. Ilikuwa kusi, bahari imechafuka, hata wanaume wenye nyavu walikuwa wanarudi na mwani. Njaa haikuwa ya kufa, ilikuwa ile ya mhogo asubuhi na mhogo jioni, watoto wanakuwa wakali. Mume wa Zakia alikuwa ameondoka kutafuta kazi Mtwara, na simu yake ikazimwa. Mwanaasha alikuwa anagawa alichonacho. Nilimwona kwa macho yangu akimpelekea binti yake ugali, kisha anakuja kwangu kuniomba vitumbua vilivyoungua. Siwema alikuwa na kikohozi kisichokwisha, na shingo yake imekuwa kama ya kifaranga.

Asubuhi moja walinzi wa kamati, waliowekwa kulinda Chano, wakamleta Zakia. Alikuwa amelowa mpaka kiunoni, mkono mmoja ameshika mkonjo wa bibi yake, mwingine ameshika kipweza kama kiganja cha mtu mzima. Walimsimamisha chini ya paa la soko la samaki, wakaenda kumwita mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti wa kamati ndiye mama yake.

Kila mtu alidhani yatamalizwa kifamilia. Hata walinzi wenyewe walikuwa wanaangalia pembeni, nadhani walijuta kumkamata. Somoe alikuwa amefika tayari, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo tutaona kama sheria ni ya watu wote au ni yetu sisi akina yakhe." Mwanaasha akamtazama Somoe, akamtazama binti yake. Akanyoosha mkono. Zakia akampa ule mkonjo bila ubishi, nadhani alijua mama yake anaupokea tu ili mambo yaishe. Mwanaasha akauweka gotini, akauvunja. Haukuvunjika mara moja, mti wenyewe wa zamani, ilibidi aulalie. Akasema, "Sheria haina mwana."

Mimi nilitaka kumzaba kibao pale pale. Nilimwambia hivyo baadaye na sikupunguza. Zakia hakulia. Aliviangalia vile vipande chini, akasema, "Huo ulikuwa wa bibi." Kisha akakiacha kile kipweza juu ya meza ya samaki, akaenda zake nyumbani kwa mtoto wake. Kilichukuliwa na paka.

Tangu hapo hakuongea na mama yake. Wakikutana njiani Zakia anavuka upande wa pili. Ugali akipelekewa anaurudisha na sahani haijafunuliwa. Mwanaasha akawa anakuja kwangu jioni, anakaa juu ya gunia la mchele, na kisu. Alikuwa anachonga mkonjo mpya. Alichonga kwa wiki nyingi, analainisha kwa kipande cha chupa, anaupaka mafuta, anaupima mkononi, anachonga tena. "Siku ya kufungua nitampa huu," aliniambia. "Mama Fidelis, siku ile ataona. Akimtoa pweza mkubwa kwenye shimo la bibi yake, akampikia Siwema, ataelewa kwa nini nilifanya vile. Siku hiyo mwanangu ananirudia." Hakuwa na hesabu nyingine kichwani. Watu walikuwa wanamngoja pweza, yeye alikuwa anamngoja mtoto wake.

Na Chano kweli ilijaa. Walinzi walikuwa wanapita na mtumbwi na kurudi macho yamewatoka. Walisema pweza wamekaa midomoni mwa mashimo kama watu barazani. Habari ikaenea. Redioni ikatangazwa siku ya uzinduzi, mwenyekiti wa kijiji akashona kanzu mpya, na ufukweni wakaanza kuonekana wavuvi wa dago, wale wanaohamahama na kupiga kambi popote penye samaki. Walikuwa na boti za mashine, miwani ya kuzamia na mitungi ya hewa. Hapo nyuma mzamiaji gani angepoteza petroli yake kwa vipweza vya kikombe? Sasa walikaa kimya mchangani wanakunywa chai, nami niliwauzia vitumbua. Hakuna aliyewauliza kitu. Sheria zetu hazikuwataja, kwa sababu zilitungwa na watu wanaoingia baharini kwa miguu. Kwa mwanamke wa mwambani, maji yakijaa mlango umefungwa, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu mlango wake ndio kwanza unafunguka.

Siku ikafika. Wanawake walijaa ufukweni tangu mapema, wamevaa sare za kanga, mabeseni kichwani, mikonjo mikononi. Wasim alikuwa amepanga masanduku ya barafu kivulini. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa kati ya miti miwili iliyochomekwa mchangani. Mwanaasha alisimama mbele, na alikuwa na mikonjo miwili, wake na ule mpya. Zakia alikuja. Alisimama nyuma kabisa, amemshika Siwema mkono, hana fimbo hana beseni. Mwanaasha alipomwona, uso wake ulinawiri mpaka nikaona aibu kumtazama.

Maji yakaanza kupwa. Mgeni rasmi hayupo. Mwenyekiti wa kijiji akapiga simu, akaambiwa mheshimiwa yuko njiani, amepitia kuzindua vyoo vya shule huko bara. Maji yakapwa zaidi, kichwa cha mwamba kikatokeza, kisha mgongo wake, kisha Chano yote ikawa nje, imetandazika, inameremeta. Mimi niliyeogopa pweza, hata mimi miguu iliniwasha. Wanawake wakaanza kunung'unika. "Subira yavuta heri," akasema mwenyekiti wa kijiji, amekaa chini ya turubai na kanzu yake. Wasim akamsogelea Mwanaasha, akasema kwa adabu, "Mama, mheshimiwa unaweza kumwomba samahani kesho. Haya maji huwezi kuyaomba."

Ikafika ile dakika maji yanasimama, hayaendi wala hayarudi. Kila mwanamke pale anaijua, anaisikia mwilini. Umati ukafunguka katikati, akatokea Zakia. Alitembea mpaka mbele ya mama yake, na hilo ndilo neno lake la kwanza kwake tangu mkonjo ulipovunjwa.

"Mama, maji yamesimama. Sema tuingie."

Mwanaasha angesema neno moja tu, utepe ungekanyagwa na wanawake wote wa Mtikulo, na mwenyekiti wa kijiji angebaki na kanzu yake. Mwanaasha alisema, "Nikiingia leo kabla ya utepe, mwanangu, wewe nilikuvunjia nini?"

Zakia akautazama ule mkonjo wa pili. "Na huo wa nani?"

"Wako. Utepe ukikatwa, chukua."

Zakia alicheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha mama yake, kile cha siku niliyomkimbia pweza, ila hakikuwa na furaha hata chembe. Akageuka, akarudi nyuma kwa mtoto wake. Na Mwanaasha akabaki amesimama na fimbo mbili, na maji yakaanza kurudi.

Mheshimiwa alifika Chano imeshafunikwa. Alishuka garini anajifuta mdomo. Alitoa hotuba ndefu kuhusu bahari yetu, watoto wetu na watoto wa watoto wetu, huku mawimbi yanalowesha miguu ya utepe. Kisha akaukata, tukapiga makofi. Wapiga picha wakataka ashike pweza, na pweza hayupo, hivyo mwenyekiti wa kijiji akaenda kumwomba Wasim. Wasim akatoa mmoja wa Kilwa, wa juzi, amekakamaa na barafu. Mheshimiwa akamwinua juu kama amemtoa yeye mwenyewe shimoni, na sisi tukamshangilia pweza wa friji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mgeni alikula pilau akaondoka.

Wanawake walikuwa wamekata tamaa, lakini Mwanaasha akawatuliza. "Kesho maji yanapwa tena," akawaambia. "Hakuna kilichopotea. Bahari imefunga mlango yenyewe, pweza wetu wako salama ndani." Aliliamini hilo, na wote waliliamini. Walinzi wa kamati wakavua fulana zao wakaenda kupumzika, kazi yao imekwisha, mwamba umefunguliwa kisheria. Tulikuwa bado tunakusanya masufuria ya pilau tuliposikia mashine za boti zikiwashwa. Wavuvi wa dago walitupungia mikono wakipita. Tuliwapungia.

Asubuhi ya pili wanawake waliingia Chano wakiimba. Wimbo ulikatika njiani. Mawe yalikuwa yamepinduliwa, matumbawe yamekatwa kwa mitalimbo, mashimo yamepanuliwa kama yaliyochimbwa na panya. Shimo la mmoja tupu, la mwingine tupu. Wazamiaji walikuwa wameshinda na kukesha chini ya maji na tochi zao, na alfajiri wakaondoka zao na boti zimelala kwa uzito. Hawakuvunja sheria yoyote. Nakumbuka mwanamke mmoja mzee alikaa juu ya jiwe, akaweka beseni lake kichwani kama kofia, akaanza kulia taratibu.

Mimi nilikuwa nimemfuata Mwanaasha, nimeshika ndara zangu mkononi. Zakia naye alikuja, na Siwema, sijui kwa nini. Nadhani tumaini ni kitu kigumu kufa hata ukilikanyaga. Mwanaasha akaenda moja kwa moja kwenye shimo la mama yake, lile la chini kabisa, mdomo wake umefichwa na ukingo wa mwamba. Akachungulia. Akapiga magoti majini.

"Yumo," alisema. "Mkubwa."

Zakia akasogea. Alinyoosha mkono wake, na Mwanaasha akamwekea ule mkonjo mpya kiganjani. Nilidhani sasa yamekwisha, Mungu ni mwema. Kisha Mwanaasha akachungulia tena, na nikaona mabega yake yanashuka.

"Jike," akasema. "Ametaga. Mayai yananing'inia juu yake kama punje za mchele."

"Namtoa," akasema Zakia.

"Zakia, huyu ndiye pekee aliyebaki. Tukimtoa huyu, Chano haina kitu tena. Tumwache hayo mayai yaanguliwe."

"Mama. Mtoto wangu hajala."

"Najua."

"Nitoe huyu mmoja. Siombi kingine."

Mwanaasha akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa shimo. Zakia akaulaza ule mkonjo mpya majini, polepole, kama mtu anayeweka sahani mezani, akambeba Siwema, akaenda zake. Mama yake hakumwita.

Nilifikiri hakuna ubaya zaidi ya huo, lakini nilikuwa sijamwona Somoe nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote. Alikuja na waya wenye ndoano, akamwambia Mwanaasha atoe mkono. Mwanaasha akasema hili ni shimo la mama yangu. Shimo la mtu halichokolewi, hata mtoto wa Mtikulo anajua. Somoe akasema, "Ulituambia tukushike wewe. Haya, tumekushika," akachomeka waya pale pale penye mkono. Ulimpita Mwanaasha kiganjani, damu ikaingia majini, akautoa mkono kwa maumivu. Yule jike alitoka na mayai yake yamemshikilia, marefu, meupe, yanadondoka moja moja. Somoe aliyang'oa akayatupa, samaki wadogo wakayala mbele ya macho yetu. Pweza mwenyewe alikuwa amekonda, nyama haina ladha, maana jike akilinda mayai hali kitu. Wasim alikataa hata kumpima. Somoe akamtupia mbwa.

Hapakuwa na kikao cha kumtenga Mwanaasha. Kwetu hakuna anayetangaza. Siku moja unagundua hakuna anayekuomba chumvi. Unaingia msibani, mkeka unabaki na nafasi upande wako. Watoto wanapita mlangoni wanasema "utepe, utepe" na kukimbia. Aliyemwamini na aliyembishia wote wakawa kitu kimoja, na mwenyekiti wa kijiji, aliyengojea pilau, aliambiwa pole kwa usumbufu. Watu wa mradi walirudi kuulizia kama tutafunga tena. Wanawake waliwafukuza kwa ndara. Chano sasa wanaichokoa kila bamvua, wanagombea mashimo kama hayakuwahi kuwa na wenyewe, na wanatoa vya kikombe. Hata kiganja cha Mwanaasha kilipovimba usaha, niliyekikanda kwa maji ya chumvi ni mimi peke yangu.

Zakia alihama mwezi ule ule. Alipata kazi Lindi, nyumbani kwa Bi Zaitunbai, mama yake Wasim, kufua na kupika, akapanga chumba Mitwero. Nilimsikia Wasim akisema mtoto amenenepa na amepelekwa chekechea. Mwanaasha alipolisikia hilo akalia kwa furaha, kisha akaanza kuniomba tumfuate. Nilimzuia. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Akasema yeye hataki kuyazoa, anataka kumwona tu mjukuu wake. Basi nikafunga biashara yangu, tukapanda basi.

Alikuwa amebeba ule mkonjo mpya, ameuzungushia kanga. Aliuokota siku ile majini kwa mkono unaotoka damu. Kondakta alitaka auweke juu na mizigo, akakatalia nao, akaushika katikati ya magoti njia nzima. Tulifika Mitwero mchana. Nyumba yenyewe ndogo, ya bati, mlango wa mbao na dirisha la nondo. Tulipiga hodi. Pazia likasogea kidogo.

"Shikamoo, Mama Fidelis," akasema Zakia.

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri."

Nikangoja shikamoo ya pili. Mwanaasha alikuwa amesimama kando yangu, amejipanga kuipokea, mdomo uko wazi kwa marahaba. Haikuja. Mtu unaweza kugombana na mama yako, unaweza hata kumtukana shetani akikupanda, lakini shikamoo unampa. Mimi nilihisi kama nimechomwa mimi.

"Zakia," akasema Mwanaasha, "nimekuja kuwaona. Nimekuletea fimbo yako. Nifungulie."

Zakia hakupandisha sauti, aliongea kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mlango umefungwa. Subiri mgeni rasmi aje akate utepe."

Pazia likarudi. Mimi nikamshika Mwanaasha mkono nikamwambia tuondoke, basi la mwisho litatuacha. Akautoa mkono wake. Akakaa kwenye kizingiti, akauweka mkonjo mapajani, akatengeneza kanga yake vizuri, kama alivyokuwa siku ile ufukweni. "Atafungua," akaniambia. "Mwanangu ni wa kufungua." Tulikaa. Jua likahama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Majirani walipita wakatusalimia, wakatazama ile fimbo, wakaendelea na safari zao. Ndani tulikuwa tunasikia sufuria, kisha harufu ya vitunguu, kisha mtoto anacheka kicheko kile kile ambacho ningekitambua popote.

Kisha Siwema akauliza, karibu kabisa na mlango, "Mama, ni nani yuko nje? Ni bibi?"

"Hapana," akasema Zakia. "Bibi yako yuko mwambani. Analinda pweza. Njoo ule."